Barua kwa mwanangu: Kumpeleka Idrisa kwenye bustani za Disney

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi Zuhura,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, na nimefurahi sana kusikia kwamba wewe, mumeo na mjukuu wangu Idrisa hamjambo huko Atlanta. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Umeniuliza kama ni busara kumpeleka Idrisa kwenye bustani za burudani za Disney kule Orlando, Florida, akiwa na miaka minne tu, au msubiri akue kidogo. Na kama mtakwenda, mjipange vipi ili fedha mlizodunduliza kwa muda mrefu zisiishie kwenye foleni na vilio. Umesema unaniuliza mimi kwa sababu nilikwenda huko na watoto wa kaka yako, na kwa sababu nimefundisha chekechea tangu ujana wangu hadi kustaafu. Basi nitakujibu kwa pande zote mbili.

Mpelekeni. Umri wa miaka minne unatosha, ila safari yenyewe mwipime kwa siku ya mtoto, msiipime kwa ramani ya bustani. Niliowaona kule wakitaabika walikuwa wamefanya kinyume: wamehesabu michezo yote iliyomo, yaani vigari na mashine za kupanda, wameigawa kwa saa za kutwa, kisha mtoto wakamtaka aifuate ratiba hiyo kuanzia asubuhi hadi usiku. Ikifika alasiri mtoto amelala chini barabarani analia, na wazazi wanalaumiana juu ya kichwa chake.

Lazima mkubali tangu mwanzo kwamba mahali pale hapamaliziki. Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na eneo lake lote ni kama kilomita za mraba 100. Ndani yake mna bustani nne kubwa: Magic Kingdom, ambayo ndiyo ya kwanza, EPCOT ya mwaka 1982, Hollywood Studios ya mwaka 1989 na Animal Kingdom ya mwaka 1998. Kwa Idrisa ningechagua mbili tu, Magic Kingdom na Animal Kingdom, na kati ya siku hizo mbili ningeweka siku nzima ya kupumzika hotelini, aogelee, ale, alale. Najua mumeo atasema siku hiyo ni hasara kwa kuwa hoteli imekwisha kulipiwa. Mwambie kwamba mtoto wa umri huo huyaweka moyoni mambo aliyoyaona akiwa na nguvu, na aliyopitishwa akiwa amechoka hayampi furaha yoyote.

Sasa nije kwenye usingizi, maana hapo ndipo penye ufunguo wa safari nzima. Idrisa alipokuwa hapa likizoni, nilimchunguza kama nilivyokuwa nikiwachunguza watoto wa darasani kwangu. Akishakula chakula cha mchana, kwenye saa nane, huanza kusugua sikio lake la kushoto, halafu hukataa kila anachoambiwa, hata kile alichokuwa akikililia muda mfupi uliopita. Akilazwa hapo hapo, huamka saa kumi akiwa mtoto mwingine kabisa. Akicheleweshwa, jioni yote imekwisha. Kwa hiyo muwe langoni asubuhi mapema, mcheze hadi saa sita hivi, kisha mtoke, mrudi hotelini alale, na mrejee saa kumi na moja jua likiwa limepoa. Tiketi ya siku inawaruhusu kutoka na kuingia tena katika bustani ile ile, kwa hiyo hamtapoteza chochote. Mkienda wakati wa majira ya joto ya huko, mpango huu utawafaa zaidi, kwa sababu mvua za radi za Florida hupiga sana nyakati za alasiri, na radi ikikaribia michezo ya nje husimamishwa. Wenzenu watakuwa wamejibanza chini ya vibaraza nanyi mtoto wenu amelala kitandani.

Ndiyo maana nakushauri fedha nyingi zaidi iende kwenye hoteli iliyo karibu kuliko kwenye kitu kingine chochote. Hoteli za Disney zenyewe huwapa wageni wao nafasi ya kuingia bustanini nusu saa kabla ya wengine, na kwa mtoto anayeamka alfajiri kama Idrisa nusu saa hiyo ni neema, kwa kuwa foleni bado ni fupi. Mkumbuke pia kwamba Magic Kingdom haiko kando ya maegesho yake. Mtu akishaegesha gari hupanda treni ya reli moja au kivuko kinachovuka ziwa, ndipo afike langoni. Mkiwa na Idrisa pandeni kivuko. Mtoto aliyekuwa akinivuta mkono kila jioni twende ufukweni Raskazone kutazama ngalawa ataihesabu safari hiyo kuwa mchezo wake wa kwanza wa siku. Lakini muda huo wa kuvuka uingizeni kwenye hesabu mnapotoka kwenda kulala, msije mkaanza safari wakati tayari analia.

Kuna huduma ya kulipia ili mtu apite njia fupi badala ya foleni ya kawaida, inayoitwa Lightning Lane. Wanaolala kwenye hoteli za Disney wanaweza kuiwekea nafasi siku 7 kabla, na wengine siku 3 kabla, kupitia programu ya simu. Mimi nisingeinunua kwa siku zote mbili. Labda siku ya Magic Kingdom peke yake, kwa sababu ya Peter Pan's Flight, ambao ni mchezo mpole wa watoto wadogo na foleni yake ni ndefu karibu kila siku.

Kuhusu urefu, kwa kuwa baadhi ya michezo haimruhusu mtoto aliye chini ya kimo fulani, mpimeni nyumbani akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo, na mwelezeni mapema majibu ya kipimo hicho. Nilipompima hapa mlangoni kwangu alikuwa ameshavuka mita moja kidogo. Basi treni ya Seven Dwarfs Mine Train, inayotaka sentimita 97, ataruhusiwa. Space Mountain, treni ya kasi ya gizani inayotaka sentimita 112, hataruhusiwa, na hakuna atakayewasikiliza mkibembeleza. Tembo wa kuruka wa Dumbo, farasi wa kuzunguka na treni ya moshi inayozunguka bustani hazina masharti ya urefu. Yale makubwa mnayoyatamani nyinyi wenyewe msiyakose: mwambieni mfanyakazi wa mlangoni kwamba mnataka Rider Switch. Mmoja wenu atabaki na mtoto wakati mwingine anapanda, kisha mtabadilishana bila yule wa pili kuanza foleni upya. Haitozwi chochote.

Lakini mwanangu, kuruhusiwa na kipimo ni jambo moja, na kufaa ni jambo jingine. Unakumbuka tulivyompeleka Mapango ya Amboni? Asubuhi ile alikuwa amekimbilia mawimbi bila woga wowote. Tulipoingia ndani, mwongozaji akazima tochi ili tuone giza la pango lilivyo, Idrisa alikamata upindo wa kanga yangu kwa mikono miwili, hakulia, hakusema neno, na hakuuachia mpaka tulipotoka nje kwenye mwanga. Mtoto huyu haogopi maji wala kurushwa juu; anaogopa giza asilojua mwisho wake. Kwa sababu hiyo Haunted Mansion, nyumba ya mizimu ambayo haina sharti lolote la urefu, mwacheni nayo kwa miaka michache ijayo. Na wale wahusika wakubwa wenye vichwa vya panya na bata, ambao hawasemi bali huashiria kwa mikono, mwonyesheni picha na video zao nyumbani kwanza, kisha siku yenyewe mwacheni awatazame kwa mbali kabla ya kumsogeza kupiga picha. Akikataa, msimlazimishe hata kama mmepanga foleni kwa muda mrefu.

Siku ya Animal Kingdom ndiyo ninayoitamani kwa ajili yake kuliko zote. Mle ndani wamejenga mji mdogo wa kubuni unaoitwa Harambe, kwa mfano wa miji ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, na kwenye kuta na vibao utakuta maneno ya Kiswahili. Umeniandikia kwamba siku hizi ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza. Basi tembeeni pale polepole. Msomeeni vibao, mwacheni ayatamke maneno, aone kwamba lugha ya bibi yake imeandikwa ukutani mahali watu wanakotoka nchi za mbali kwenda kutazama. Nilisimama mbele ya kibao kimoja na watoto wa kaka yako, nao wakamsomea kwa sauti mzee mmoja wa Kimarekani aliyeuliza maana yake. Tangu hapo hawakuona haya tena kunisalimu shikamoo mbele za watu. Kutoka hapo mnapanda lori la wazi la Kilimanjaro Safaris, ambalo halina sharti la urefu, na huchukua kama dakika 20 kupita kwenye twiga, tembo, vifaru na simba. Liwe jambo lenu la kwanza asubuhi, wakati wanyama bado wanatembea. Mwambieni kwamba mlima wenyewe uko kwetu, na kwamba akija tena tutampeleka mbuga ya Saadani.

Mengine ni madogo. Chakula mnaruhusiwa kuingia nacho mradi kisiwe kwenye vyombo vya kioo, kwa hiyo chukueni chapati, mayai ya kuchemsha na matunda, msitegemee vya kununua peke yake, hasa kwa kuwa mnachunga halali. Maji baridi ya kunywa hutolewa bure kwenye migahawa yao ya kujihudumia. Kigari cha mtoto kibebeni ingawa anatembea vizuri, maana umbali wa kule hauchezewi. Kisizidi upana wa sentimita 79, na urefu wa sentimita 132 kutoka mbele hadi nyuma. Mnapoingia kwenye mchezo mtakiacha nje, na wafanyakazi huvihamisha vigari ili vipangike, hivyo kifungeni kipande cha kanga yenye rangi kali mkitambue kwa mbali. Kila asubuhi mpigeni picha akiwa amevaa nguo za siku hiyo, andikeni namba yenu ya simu mkononi mwake, na mfundisheni kwamba akiwapoteza amfuate mtu mwenye kibao cha jina kifuani.

Kuhusu tarehe, yeye bado hajafungwa na shule, basi msiende wakati wa Krismasi wala wakati wa likizo za shule za Machi na Aprili. Msimu wa vimbunga kule rasmi ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na mwezi wa Agosti na Septemba ndiyo joto na vimbunga vinapozidi. Mimi ningechagua mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari. Foleni hupungua, na kwa kuwa bei za tiketi hutofautiana kwa tarehe, mara nyingi huwa nafuu zaidi. Asubuhi huwa na baridi, kwa hiyo achukue sweta. Kutoka Atlanta ni kama kilomita 700 kwa barabara. Gaweni safari hiyo kwa siku mbili, msifike usiku wa manane mkamwamsha alfajiri kwenda langoni.

Umeniuliza mwishoni, kwa haya, kama ningependa kufuatana nanyi. Ningependa sana. Visa yangu bado haijaisha, na miguu yangu haitaweza kutwa nzima, lakini mchana nitakaa hotelini na Idrisa akilala, nanyi wawili mtarudi bustanini kupanda hayo makubwa bila wasiwasi. Nitumie tarehe kabla hamjalipia tiketi, ili nami nianze kuulizia nauli.

Mama yako akupendaye.