Barua kwa mwanangu: jina la Gwenllian

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sisi sote hatujambo. Umeniuliza asili ya jina la Gwenllian, ambalo wakwe zako wanataka mjukuu wangu alirithi kutoka kwa bibi wa mumeo, na kama halitakuwa mzigo kwa mtoto mwenye ndugu huku kwetu. Sikukujibu upesi, kwa kuwa jina hili nimekuwa nalo moyoni tangu mliponipeleka kwenye ngome ya Kidwelly, kusini mwa Wales.

Ni jina halisi la Kiwelisi, yaani lugha ya Wales, lililoungwa kwa maneno mawili. La kwanza, gwen, ni umbo la kike la gwyn, nalo hubeba kwa pamoja maana ya weupe, uzuri na baraka. Umekuwa ukilisikia tangu utotoni, maana jina la shangazi yako Jenifa limetokana na Gwenhwyfar, ambalo nalo huanza na neno hilohilo. Sehemu ya pili wako wanaoihusisha na lliain, yaani kitani, na wako wanaoihusisha na lliant, yaani mkondo wa maji. Mimi napendelea kitani, kwa kuwa nikilisikia naona nguo nyeupe anayopokelewa nayo mtoto.

Unakumbuka lile jiwe la ukumbusho nje ya lango la ngome, nililolishika kwa mkono? Ni la Gwenllian ferch Gruffydd, na hilo ferch ni sawa kabisa na binti yetu: Gwenllian binti Gruffydd, mfalme wa Gwynedd, kaskazini mwa Wales. Mwaka 1136, mumewe alipokuwa amekwenda kaskazini kuomba msaada kwa baba mkwe wake, yeye mwenyewe aliongoza jeshi dhidi ya Wanormani, wavamizi waliokuwa wameiteka Uingereza, karibu na ngome hiyo. Aliuawa, mwanawe Morgan akauawa, na mwingine, Maelgwn, akatekwa. Mahali walipopigana panaitwa Maes Gwenllian, yaani uwanja wa Gwenllian, hadi leo. Mwanawe mdogo, Rhys, ndiye aliyekuja kuwa mtawala mkubwa wa kusini mwa Wales.

Lakini anayeniliza ni Gwenllian wa pili. Alizaliwa Juni 1282, na mama yake, Eleanor de Montfort, akafariki katika uzazi huohuo. Tarehe 11 Desemba mwaka uleule baba yake, Llywelyn ap Gruffudd (hilo ap ni sawa na bin yetu), mtawala wa Wales, aliuawa vitani. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, asitake mtoto huyo aje kuzaa mrithi wa kudai nchi, aliagiza apelekwe kwenye nyumba ya watawa huko Sempringham, mashariki mwa Uingereza, angali mchanga. Alikaa huko hadi alipofariki mwaka 1337, zaidi ya miaka hamsini, mbali na watu wa lugha yake. Hata jina lake waliliandika walivyoweza: Wencilian. Fikiria, mwanangu, mtu anazeeka bila kuitwa sawasawa jina alilopewa na wazazi wake. Mwaka 2009 mlima mmoja wa Snowdonia, eneo la milima kaskazini mwa Wales, jirani na ule wenye jina la baba yake, ulipewa jina jipya: Carnedd Gwenllian.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mpeni, lakini mpeni zima. Msilikate likabaki Gwen kwa ajili ya kuturahisishia sisi. Sisi tunaoita watoto kwa majina ya bibi zao tunajua kwamba mtoto akipewa jina la mtu, hupewa pamoja na mtu huyo mwenyewe. Kwenye cheti cha kuzaliwa hakikisheni zile L mbili zimeandikwa.

Kuhusu matamshi ya hizo L mbili, mumeo alinifundisha pale langoni: ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, kana kwamba unataka kusema “la”, kisha unapuliza hewa ipite pembeni mwa ulimi bila kutoa sauti. Mara ya kwanza nilitoa “sh” tupu. Sasa kila asubuhi nikichochea moto wa chai nalirudia, na baba yako amekwisha kulizoea. Mkija Desemba nataka nimpokee mlangoni kwa jina lake lote.

Mama yako akupendaye