Kula Samaki Gazi na Kurudi Nairobi: Uliza Mwezi Kwanza

SWALI: Anko, habari yako. Mimi na mzee wangu tunashukanga Mombasa kila Desemba, lakini mwaka jana kwa hoteli moja ya bichi tuliletewa samaki amekaa kwa friza mpaka nyama imekuwa kama sponji, na bei usiseme. Nataka twende pale wavuvi wenyewe wanashukia, tule tushibe, turudi siku hiyohiyo juu kazi haingoji. Inawezekana ama naota? Mama Wawili, Donholm

JIBU: Mama Wawili, pole kwa hiyo sponji. Inawezekana, ila hiyo siku moja itabidi uipakatie usiku mbili. Panda SGR ya saa nne usiku Ijumaa, ulale kwa kiti (shingo itakulaumu, beba kitu ya kuegemea), ushuke Miritini, stesheni ya Mombasa, kabla ya alfajiri, na Jumamosi urudi na ile ya saa nne usiku. Jumapili lala, simu zima.

Mahali penyewe ni Gazi, huko Kwale, kama kilomita 50 kusini ya Mombasa. Wengi wanapita hapo mbio wakienda Shimoni na Wasini, na Wasini ni tamu sikatai, lakini kungoja boti ya kwenda na ya kurudi kutakula siku yako yote. Toka Miritini na teksi upitie barabara ya Dongo Kundu, feri hutaiona. Mfuko ukikataa, ngoja kupambazuke, mat mpaka mjini, vuka Likoni kwa miguu bure, halafu panda za Msambweni ama Lunga Lunga ushukie stegi ya Gazi, kijiji kiko ndani kidogo.

Sasa kitu sisi wa Nairobi hatuulizangi ni mwezi, tunaangalia tu kama treni iko na siti! Mwezi ukiwa mpevu, ama ukiandama, na zile siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, yaani maji yanajaa sana na kutoka sana, na huko pwani yanakuwa yametoka kabisa kitu saa nne asubuhi. Mwamba unabaki wazi, watu wanatembea juu yake na chuma chenye ncha wakichokora mashimo ya pweza, na saa sita hivi wanarudi nao. Unaona hesabu? Pweza anafika ukiwa na njaa yako. Ukienda maji mafu, yaani siku maji hayajai sana wala kutoka sana, mwamba haujitokezi vizuri na unaweza kula pweza wa juzi, basi si afadhali ungebaki Donholm. Tena enda wakati wa upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, juu kusi ikivuma bahari inachafuka na wenye mitumbwi midogo hawathubutu kwenda mbali.

Kaa nao wanatoka kwa mikoko, na Gazi wameitunza, ndio pale kuna Mikoko Pamoja, mradi wa kijiji wa kuuza kaboni (yaani wanalipwa juu mikoko inafyonza hewa chafu) ulioanza 2013. Kina mama wako na daraja la mbao linapita katikati ya hiyo mikoko na wanapika wakiambiwa mapema, kwa hivyo usitokee tu saa saba na tumbo. Agiza pweza wa nazi na wali (watampigapiga kwanza alainike), na samaki changu wa kupaka na ukwaju. Ukichagua samaki mwenyewe, fungua mashavu uone wekundu, macho yawe yamejaa na ya kung'aa, na ukibonyeza nyama irudi. Kaa mbebe mkononi, akiwa mwepesi kwa saizi yake mwache.

Ni kijiji cha Waislamu, beba leso, na bia sahau. Mwezi wa Ramadhani usiende kutafuta lanchi.

SWALI: Anko, nawezaje kubeba samaki wa pwani mpaka Nairobi bila kunuka kwa treni? Baba Junior, Kayole

JIBU: Baba Junior, mbichi achana naye, hata barafu itakuaibisha kabla ufike Voi. Tafuta mama karanga, wale wanaokaanga samaki jioni kando ya barabara, mwambie akaushe sana na asiweke ndimu. Mwache apoe kabisa kabla umfunge kwa gazeti, ukimfunga na moto jasho litamlainisha. Na usimfungulie kwa behewa, jirani atataka.