Nimebadili mipangilio yote, mbona kompyuta bado inakokota?

Swali: Fundi, nina laptopu ya mtumba, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, Windows 10. Nilifuata video moja: nikazima madoido ya madirisha, nikafuta faili za Prefetch, nikaingia msconfig (dirisha la mipangilio ya kuwasha Windows) nikaweka prosesa 4. Siku mbili niliona nafuu, sasa ni kama zamani. Nilikosea wapi? *Msomaji, Katindo, Goma*

Jibu: Ndugu yangu, ulipewa dawa ya kupaka na wewe unaumwa tumbo. Windows hutumia viini vyote vya prosesa bila kuombwa; kile kisanduku cha msconfig ni cha kuvipunguza wakati wa majaribio. Kitoe alama. Prefetch nayo husaidia programu kufunguka haraka, kwa hiyo ukiifuta unailazimisha mashine ianze kuijenga upya. Madoido? Kwa mashine dhaifu kuyazima kunapunguza uzito kidogo, basi.

Mipangilio ninayoiheshimu ni miwili. Zima programu zinazojiwasha zenyewe. Halafu angalia hali ya umeme: huku kwetu umeme ukikatika mtu anaweka mpango wa kuokoa umeme (Power saver), unarudi, yeye anasahau, na prosesa inabaki imefungwa breki miezi mizima.

Sasa bonyeza Ctrl+Shift+Esc mashine ikiwa imekwama, ifunguke Task Manager, dirisha linaloonyesha kila kifaa kimebanwa kiasi gani. Ukikuta diski iko 100% na prosesa 10%, umeshajua mgonjwa ni nani. Diski ya sahani, inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, husoma kama MB 100 kwa sekunde, na kwa faili ndogondogo hushuka hadi MB 1 hivi. SSD, yaani diski isiyo na sahani ya kuzunguka, ile ya SATA hufika MB 500. Tena GB 4 za RAM zikijaa, Windows humwaga ziada kwenye diski hiyohiyo iliyochoka.

Na vumbi! Laptopu za Goma nikizifungua, nyuma ya feni nakuta tabaka jeusi la vumbi la lava, limeshikana kama sufi. Hewa haipiti, prosesa inapata moto, inajipunguzia kasi isiungue. Safisha kwa brashi laini, feni ukiishikilia kwa kidole isizunguke.

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, anza na SSD, RAM ifuate. Diski ya zamani itie kwenye kasha la USB, uwekee nakala za faili zako, mradi haijaanza kutoa mlio wa kugonga-gonga.