Huku Uingereza Nahesabu Siku za Choo

Mdogo wangu,

Umeniuliza mbele ya ukoo mzima kama ni kweli kwamba kazi yangu huku ni kuketi na Wazungu wazee, kuwasomea magazeti na kunywa nao chai, kisha mwisho wa mwezi kupokea pauni. Sijui ni nani aliyewaletea habari hizo. Ningekuacha uendelee kuziamini, lakini katika ujumbe huohuo umegusia kwamba mjomba, tangu aanzishiwe mofini kwa maumivu ya saratani, leo ni siku ya tano hajapata choo, na kwamba mnafikiria kumwachisha dawa. Hayo mawili kwangu ni jambo moja.

Kazi yangu ni choo cha watu. Mimi niliyekuwa nikisahihisha madaftari ya baiolojia ya kidato cha nne, sasa saa kumi na moja alfajiri, nikiwa na glavu mkononi, natazama ndani ya nepi na kuandika katika daftari: aina ya 2, kiasi kidogo. Ipo chati iliyotungwa Bristol, inayopanga choo kwa aina 7, kuanzia vipande vikavu kama vya mbuzi hadi maji matupu, nami naijua kuliko nilivyopata kuijua ramani ya Tanga. Mwaka wa kwanza nililia bafuni. Mama hajui, na usimwambie.

Hata hivyo, daftari hilo ninalolionea haya ndilo lililonifundisha. Tulikuwa na bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau, mpole kabisa, ambaye ghafla alianza kutupiga, akakataa chakula, akawa anachafua shuka kwa majimaji. Mwenzangu mmoja alisema ugonjwa umepanda kichwani, mwingine akasema anahara na akataka apewe dawa ya kuzuia. Nilifungua kurasa za nyuma nikakuta siku 6 bila choo cha maana. Nesi alimpima akakuta utumbo umejaa choo kilichoganda kama udongo wa tanuri, na yale maji yalikuwa yakipenya pembeni yake. Laiti angepewa dawa ya kuzuia kuhara, tungekuwa tumemzibia mlango. Alipofunguka, jioni ile alikula uji wote akanishika mkono.

Basi nisikilize kuhusu mjomba. Msimwachishe mofini. Mtu wa saratani ya mifupa akikatishwa dawa ghafla atateseka usiku kucha, na choo chake hakitakuwa kimepona. Mofini hulegeza mwendo wa utumbo, choo kikakaa humo muda mrefu mno, maji yake yakafyonzwa, kikakauka. Kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo mwili huvizoea, lakini kufunga choo hauzoei, ndiyo maana dawa ya choo inatakiwa ianze siku ileile inapoanza mofini. Kama waliomwandikia hawakumpa, rudini mkaidai bila kuona haya. Huku wengi hupewa sena, ambayo ni sanamaki ileile aliyokuwa akituchemshia bibi. Lakini msiyapime majani kwa kiganja, acheni daktari apange kipimo. Na tumbo likivimba, akawa anatapika, hata upepo hautoki, msimpe dawa yoyote ya choo, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Mapapai na maji mpeni kadiri anavyoweza, ila msimlazimishe makapi ya nafaka, maana asiyekunywa maji ya kutosha huzidi kuziba. Mwekeni chooni baada ya chai ya asubuhi, wakati utumbo unapoamka wenyewe, miguu juu ya kigoda, mlango ufungwe.

Ama kuhusu kuja kwako huku kufanya kazi kama yangu, usije. Tangu tarehe 22 Julai 2025 hawapokei tena wahudumu wapya wa wazee kutoka nje, kwa hiyo huyo wakala anayekuuzia barua ya udhamini anakuibia, mrudishie fomu zake. Kibali kinakufunga kwa mwajiri mmoja, ukinung'unika unakumbushwa nani amekuleta. Tena, kama kweli una moyo, maliza uuguzi, usajiliwe, kisha uje ukiwa nesi, maana mlango huo haujafungwa na mimi nitakupokea uwanja wa ndege. Lakini nani atabaki na mjomba? Mimi nawasafisha wajomba wa wengine kwa malipo, na wangu namtumia fedha za nepi.

Leo jioni nunua daftari, uandike siku, kiasi na ugumu, unipigie picha. Muulize mjomba mwenyewe, na umuulize wakati mkaza mjomba hayupo, kwa maana mbele ya mkewe atasema amepata.