Maswali na Majibu: Roboti Zinazojifunza Kizazi kwa Kizazi

Katika roboti za mageuko, ambapo programu za kuendesha roboti huboreshwa kizazi kwa kizazi kama viumbe hai, hakuna anayeiandikia roboti jinsi ya kukwepa ukuta?

Hakuna. Mwaka 1994 Dario Floreano na Francesco Mondada walitumia Khepera, roboti ya magurudumu mawili yenye kipenyo cha milimita 55, iliyobuniwa Lausanne, Uswisi. Iliendeshwa na mitandao ya neva, yaani programu za namba zinazogeuza vipimo vya vihisi (vifaa vinavyohisi vizuizi) kuwa amri za magurudumu; mwanzoni namba hizo zilikuwa za kubahatisha tu. Kila mtandao uliendesha roboti kwa muda mfupi, ukapewa alama. Iliyofanya vizuri ilichanganywa, namba zake zikabadilishwa kidogo hapa na pale, kikapatikana kizazi kipya. Kabla ya kizazi cha 100, Khepera ilikuwa inazunguka njia yake bila kugonga kuta.

Basi mhandisi anabaki na kazi gani?

Ya kupanga alama, na kwangu hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Floreano na Mondada walizawadia mambo matatu: kasi, kunyoosha njia, na kukaa mbali na vizuizi. Ukiondoa la pili, roboti itajizungusha palepale, gurudumu moja likienda mbele na jingine nyuma, huku ikivuna alama. Ukiondoa kasi, itasimama tuli katikati ya uwanja. Algoriti, yaani programu inayochagua na kuchanganya mitandao, haijui ulichokusudia. Inajua alama tu. Watafiti wengine waliwahi kudai roboti ya miguu sita itembee bila nyayo kugusa chini, wakiamini haiwezekani. Ndani ya simulesheni, yaani uigaji kwenye kompyuta, ikajipindua chali na kutembea kwa viwiko!

Kinachofaulu kwenye kompyuta hufaulu sakafuni?

Mara nyingi hapana. Mageuko hung'ang'ania kila kasoro ya simulesheni. Jakobi, Husbands na Harvey wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha mwaka 1995 kwamba inasaidia kuvuruga kidogo vipimo vya vihisi ndani ya simulesheni. Kuvuruga kupita kiasi nako kunaharibu.

Mguu ukivunjika, roboti inaanza kujifunza upya?

Si lazima. Mwaka 2015 Cully, Clune, Tarapore na Mouret walitumia mageuko kuiandalia roboti ya miguu sita maelfu ya miendo mapema. Ilipoumia, ilijaribu michache tu, ikapata mwendo wa kuchechemea unaofaa ndani ya dakika mbili. Kwa roboti za uokoaji, sijaona hoja nzito kuliko hiyo.

Laptopu ya kawaida inatosha kujaribu haya?

Inatosha kwa roboti ya magurudumu mawili ndani ya simulesheni. Andika kanuni ya alama kwanza, kisha mpe mwenzako atafute namna ya kupata alama hizo bila kufanya kazi uliyotaka.