Anko wa Majuu anajibu: Mwanangu kaingia frati, hao si Freemason?

SWALI: Anko habari za huko. Mi ni mama niko Tanga, mwanangu anasoma chuo Ohio mwaka wa kwanza. Juzi kapiga simu ya video namwona kavaa fulana ina maherufi siyaelewi, namuuliza ananiambia mama nimeingia frati sasa nina makaka hamsini, nikabaki mdomo wazi maana mi nimemzalia wadogo zake wawili tu. Anataka hela ya ada ya hicho chama, halafu anasema mengine ya ndani haruhusiwi kuniambia hata mimi niliyemzaa. Jirani kaniambia hao ndo Freemason wenyewe. Silali. Nifanyeje? (Mama Mwenye Hofu, Tanga)

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza kabisa lala, halafu mwambie jirani apunguze. Mi mwenyewe niliingia frati enzi nasoma huku kwahiyo naongea kitu nakijua.

Frati ni chama cha wanafunzi wa kiume chuoni, wanachama wanaitana kaka. Hizo herufi ni za Kigiriki, ila Ugiriki wenyewe hauhusiki. Mambo yalianza 1776 kwenye chuo cha William and Mary kule Virginia, wanafunzi wakaanzisha Phi Beta Kappa wakiwa na salamu yao ya siri na kiapo chao (leo hicho ni chama cha waliofaulu sana, ukiitwa huko mama yako anapika pilau), halafu 1825 pale Union College, New York, ikaanza Kappa Alpha, ndo mtindo wa frati za kukaa na kula pamoja ukaendelea kutoka hapo. Wasomi wengi wa zama zile walikuwa Freemason au wanawajua Freemason, ndo maana utakuta mashumaa, viapo, kugonga mlango kwa idadi fulani, yote hayo waliazima. Lakini frati ya mwanao haipo chini ya Freemason. Wala hakuna utajiri, zile namba zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme za "jiunge upate mali" ni matapeli wetu wa nyumbani, huku kwenye frati we ndo unatoa hela.

Sasa inakuwaje. Mwanzo wa muhula kuna wiki wanaita rashi, mnazungushwa nyumba moja mpaka nyingine mmevaa vizuri, unashikana mikono na watu mpaka kiganja kinauma na wote wanauliza maswali yaleyale, unatoka wapi, unasoma nini, unacheza mpira gani, na sisi tunaongezewa moja, Tanzania iko upande gani wa Afrika. Wewe unadhani mnapiga stori kumbe wenzio wakishafunga mlango wanakaa kukujadili, huyu anatufaa, huyu mkimya mno, huyu kanywa sana jana. Wakikutaka wanakupa mwaliko, unaitwa bidi. Wasipokutaka huambiwi kwanini, na hiyo inauma kuliko watu wanavyokiri, nimeona vijana wa miaka 18 wanalia kwenye ngazi za bweni.

Ukikubali bidi unakuwa pleji, yaani mwanachama wa majaribio, kwa wiki kadhaa, unavaa kipini kifuani, unakariri majina ya waanzilishi, mwaka, mji, shairi lao. Sisi walikuwa wanakuwashia njiti ya kiberiti unaishika mwenyewe, unatakiwa utaje alfabeti yote ya Kigiriki kuanzia alfa mpaka omega kabla moto haujafika vidoleni. Mi kila siku nilikuwa naungulia kwenye sigma. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi kuna zamu ya dereva asiyekunywa, saa nane usiku uko na funguo za gari unawakusanya makaka waliolewa chakari, na Jumapili asubuhi mapleji mnadeki, sakafu inanata bia mpaka kandambili inabaki nyuma mguu unaenda, vikombe vyekundu kila kona. Kwa aliyesoma bweni hii anaijua, ni unjuka tu, tofauti huku njuka ameomba mwenyewe na analipia.

Ile siri yenyewe ya siku ya kuapishwa nimeapa sisemi, ila naweza kukwambia haitishi. Ni chumba cha chini, mashumaa, mtu anasoma maneno ya Kiingereza cha zamani kwenye daftari na anakosea anarudia, mengi ni kuhusu kuwa mkweli na kutomwacha mwenzio. Usiku ule wenzangu wawili walisinzia.

Kwahiyo ya siri yaache. Mimi mama ukiniuliza cha kuogopa ni pombe, na hasa usiku mmoja ule wanapokupa "kaka mkubwa" wako ndani ya frati. Hapohapo Ohio, chuo cha Bowling Green, Machi 2021, kijana wa watu usiku wa namna hiyo alipewa chupa nzima ya pombe kali amalize, akaimaliza, akafa siku chache baadae. Chuo cha Penn State 2017 mwingine alilewa usiku wa kupokea mapleji akaanguka kwenye ngazi za kushuka chini, na makaka walikaa naye karibu masaa 12 mpaka asubuhi ndo wakaita msaada. Masaa 12! Pengine waliogopa frati ifungiwe. Unaona tatizo lilipo, si shetani, ni watoto wa miaka 19 wanaogopa kesi.

Hiyo kutesa mapleji inaitwa hezingi, karibu kila jimbo lina sheria dhidi yake, na Ohio 2021 hiyohiyo waliikaza, ukimlazimisha mtu pombe akaumia ni kosa kubwa la jinai. Desemba 2024 ikapita sheria ya nchi nzima, vyuo vinatakiwa vitoe hadharani ripoti ya vikundi vilivyokutwa na hezingi. Mwambie mwanao aingie tovuti ya chuo chake atafute jina la frati yake humo, dakika kumi tu, akutumie skrinshoti.

Halafu mpigie, usianze na Freemason maana atacheka na mazungumzo yameisha. Muulize hivi: mtu akizimia kwenye pati yenu nani anapiga 911 (namba ya dharura ya huku)? Akikujibu haraka haraka, kuna mtu wa zamu, namba iko ukutani, basi hapo kuna utaratibu. Akisema "aah mama hatufikagi huko" we kaza. Vyuo vingi havimwadhibu anayeita ambulensi hata kama na yeye kalewa, hilo alijue kichwani kabla ya siku yenyewe.

Ada ni kweli ipo, mamia ya dola kwa muhula na sehemu nyingine inapita elfu, inaenda kwenye bima, makao makuu, na pati. Kama bajeti haifiki mwambie haifiki, wengi wao wanaruhusu kulipa kidogo kidogo, na aombe hivyo kwa maandishi. Na GPA (wastani wa alama), frati nyingi zina kiwango, ukishuka unasimamishwa, kwahiyo akikwambia yuko frati lakini anakaribia kudisko basi kuna kitu hakijakaa sawa.

Faida zipo, sikufichi. Kazi yangu ya kwanza huku nilipata kwa mtu aliyemaliza miaka ishirini kabla yangu, hakunijua hata kidogo, aliona herufi kwenye CV akapiga simu. Ni haki? Sidhani. Ila sikukataa kazi.

SWALI: Anko, nimepata chuo Washington mwakani, kuna dada kaniambia nisiende kwenye sororiti (frati za kina dada) za wazungu niangalie Divine Nine. Ndo nini? (Binti wa Morogoro)

JIBU: Ni vyama tisa vya weusi mdogo wangu, vilizaliwa enzi ambazo vile vingine havikuwataka. Alpha Phi Alpha ilianza 1906 chuo cha Cornell, ndo ya kina Martin Luther King. Ya kwanza ya kina dada ni Alpha Kappa Alpha, 1908, chuo cha Howard hapohapo Washington unapoenda, Kamala Harris, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, alijiunga akiwa Howard. Vitano kati ya tisa vilianzia Howard. Na sisi Waafrika tumo tangu zamani, Nkrumah wa Ghana na Azikiwe wa Nigeria wote ni Phi Beta Sigma.

Utofauti mkubwa, kwenye hivi vyama tisa kushiriki hakuishi na digrii, utakuta mama wa miaka 70 na koti lake la waridi na kijani anaenda kikao Jumamosi. Na huombi kwa kelele. Ukifika usianze kutangaza mtandaoni unataka ipi, wala usiigize ule mtindo wao wa kucheza kwa mstari kwenye pati kama hujaapishwa, watakusema mwaka mzima. Nenda kwenye shughuli zao za kujitolea, jitambulishe kwa adabu, subiri. Na hezingi ipo na huku pia, usidanganywe kwamba ya kwetu ni ya heshima.

SWALI: Niko Minnesota, nna 19, viza ya F-1 (ya mwanafunzi), nimepewa bidi leo. Nikubali? (Mkenya Kwa Baridi)

JIBU: Kula nao mara tatu siku za kawaida, siku hakuna pati, ndo uamue. Umri wa pombe huku ni 21, polisi wakivamia mwenzio raia anapigwa faini na kusahau, wewe kukamatwa kunaweza kugusa viza, kwahiyo kikombe chako kiwe soda na ukishike mwenyewe. Na wakiuliza kama unaendesha gari, usiseme ndio kwa kuwa ulikuwa unaendesha Nakuru, hakikisha leseni yako inakubalika hapo Minnesota, maana zamu ya kwanza ya udereva usiku utapewa wewe.