Jibu: Haoni upande wa kushoto tangu ajali ya bodaboda

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza kama miwani itamsaidia mdogo wako, aliyeumia kichwa miezi miwili iliyopita na sasa haoni kushoto. Kama macho yenyewe ni mazima, miwani ya kawaida haitamfaa. Vitu vya kushoto husomwa na ubongo wa kulia, huko nyuma kisogoni. Mwambie afumbe jicho moja, kisha lingine: pengo likibaki kushoto kwa yote mawili, tatizo liko ubongoni. Mwombeni daktari wa macho ampime uwanda wa kuona, yaani eneo lote analoliona bila kusogeza macho.

Uoni unaorudi wenyewe hurudi zaidi miezi 3 ya mwanzo, kwa hiyo bado mna nafasi. Ila mazoezi kazi yake kubwa si kuliziba lile pengo, ni kumzoesha kutupa macho upande wa pengo kabla hajajigonga.

Baba yangu baada ya kiharusi alikuwa akisoma gazeti kuanzia katikati ya mstari, halafu anasema waandishi wa siku hizi hawaeleweki! Tukambandikia utepe mwekundu pembeni kushoto mwa ukurasa: haanzi mstari mpaka auone. Jioni tunamwaga maharage kwenye sinia, anaokota moja moja hadi yaishe. Mwanzoni ya kushoto yalibaki yote.

Pikipiki asiiguse kabisa kwa sasa. Na hao wanaokuuzia matone ya mitishamba, achana nao, matone hayafiki kisogoni.